Kinyume cha Tatu na Nne

Kabla kiharusi hakijampiga, dada mtu ndiye aliyekuwa akipima springi zote katika karakana ya mizani. Mafundi walimwita Mama Springi, kwani hakuna springi iliyotoka pale bila yeye kuivuta, kuipima na kuisema vibaya. Kiharusi kilimlaza mkono wa kulia, na maneno yote yakamkimbia isipokuwa "hapo hapo." Akitaka maji, hapo hapo. Akikasirika, hapo hapo. Kiti chake kazini akapewa mdogo wake, fundi ambaye miaka yote alikuwa pale pale akifunga mizani na kuzipaka rangi.

Kazi yenyewe aliizoea upesi. Unatundika vyuma vya uzito, chepesi kwanza, kizito mwisho. Kila mara unaangalia springi imevutika kiasi gani. Unaiingizia kompyuta safu mbili za namba, nayo inakurudishia namba moja: springi hii huvutika kiasi gani kwa kila kilo. Programu ilikuwa ya dada, imeandikwa kwa lugha ya kizamani isiyopenda maneno, ambayo alama moja hubeba safu nzima kwa mkupuo. Ilikuwa mstari mmoja tu: mvutano upande huu, uzito upande ule, na katikati kisanduku kidogo chenye alama ya kugawanya ndani yake.

Halafu ikaja kompyuta mpya, na lugha ile haikuwemo.

"Wewe ndiye mdogo wake," mkuu wa karakana alimwambia. "Tuandikie upya, kwa lugha wanayotumia watu."

Fundi aliona ni kazi ya asubuhi moja. Kugawanya si kugawanya? Akaandika programu igawanye kila mvutano kwa uzito wake, kisha ichukue wastani. Akaijaribu kwenye mizani ya kupimia watoto wachanga, iliyokuwa ikisubiriwa na zahanati. Kompyuta mpya ikasema springi ni mbovu. Ya zamani ikasema ni nzima.

Mkuu alisimama katikati ya zile mashine akijikuna kidevu. "Hapa kuna mmoja anatudanganya," alisema. "Mizani haitoki mpaka tumjue."

Mkuu alipoondoka, fundi alikaa na mashine ya zamani, akakiuliza kile kisanduku mambo madogo madogo. Kinyume cha mbili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa mbili unapata moja? Nusu. Kinyume cha nne? Robo. Mpaka hapo sawa. Akaiandikia tatu na nne pamoja, kama safu moja. Alitarajia theluthi na robo. Ikamjibu: sifuri nukta kumi na mbili, na sifuri nukta kumi na sita.

Akarudia, jibu likawa lile lile. Alama ya kawaida ya kugawanya, isiyo na kisanduku, ilimpa theluthi na robo bila ubishi. Sasa kwa nini dada aliiacha hiyo nyoofu akachukua hii? Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia. Huenda kiharusi hakikuja ghafla. Huenda akili ya dada ilishaanza kuteleza zamani, naye akaweka alama isiyofaa, na watoto wa watu wakapimwa kwa mizani za uongo. Hakumwambia mtu.

Jumapili alikwenda kwa dada. Shemeji, mume wa dada anayemuuguza usiku na mchana, alimfungulia mlango akiwa na pasi mkononi, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri.

"Karibu shemeji. Leo yuko vizuri, amenigombeza tangu asubuhi."

Dada alikuwa sebuleni, mguu juu ya stuli. Fundi alimwamkia, akakaa karibu naye, akamwonyesha karatasi: tatu na nne, na chini yake majibu ya kisanduku.

"Dada, hii mimi naona si sawa. Kinyume cha tatu si theluthi?"

"Hapo hapo," dada alisema, na uso ukamkunjika.

"Basi alama ilikosewa?"

"Hapo hapo!" Akampiga kofi dogo la paja, kama zamani alipokuwa akimfundisha kusoma. Kisha akaokota fimbo yake kwa mkono wa kushoto, akagonga sakafu. Ilikuwa ya vigae vikubwa vya nusu mita. Fimbo ikahesabu vigae vitatu kwenda kulia. Kutoka hapo, vinne kwenda mbele. Akaiweka fimbo chini, akanyoosha mkono ule ule, anataka kitu. Fundi akatoa futi ya utepe mfukoni, akaivuta kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari ile, mshazari: mita mbili na nusu, yaani vigae vitano kamili.

Dada akaishika futi, akaanza kuirudisha polepole, bila kuipindisha, mpaka ikabaki kipande cha sentimita kumi. Moja ya tano ya kigae. Akagonga karatasi, kwenye lile jibu.

Fundi akapiga magoti, akapima kutoka ncha ya kile kipande: sentimita sita kwenda kulia, nane kwenda mbele. Akagawa kwa upana wa kigae. Sifuri nukta kumi na mbili. Sifuri nukta kumi na sita.

"Ni njia ile ile," alisema taratibu. "Ila fupi. Urefu wa tano umekuwa moja ya tano."

Dada akainua kidole kimoja, akakishikilia hewani. Moja. Fundi hakuelewa mara moja. Akachukua kalamu: tatu mara jibu lake, nne mara jibu lake, akajumlisha. Moja. Akajaribu theluthi na robo yake: moja na moja, mbili. Imezidi. Safu nzima ndiyo ilikuwa ikitafutiwa kinyume, wala si kila namba kivyake. Unazidisha kila namba kwa yenyewe, unajumlisha, unapata ishirini na tano. Kisha unaigawa safu yote kwa hiyo. Hata kwenye safu ya vyuma vya uzito, namba kubwa inabaki na sauti kubwa. Na chuma chepesi, ambacho mshale wa kipimo hutetemeka ukikisoma, kinasikika kidogo tu. Programu yake mpya ilikuwa imevipa vyote sauti sawa.

"Nilidhani umeanza kuumwa zamani," alisema, akiwa bado amepiga magoti.

Dada akamwekea mkono ule mzima kichwani, akamtikisa kidogo, na wote wawili wakacheka mpaka shemeji akaja kuchungulia.

Jumatatu fundi alisahihisha programu, na kompyuta mbili zikasema neno moja. Mizani ikaenda zahanati. Mkuu alipoelezwa ilivyokuwa, aliuliza kama Mama Springi anaweza kukaa kwenye kiti muda mrefu. Tangu hapo huletwa karakana asubuhi mbili tatu kila wiki, anavuta springi kwa mkono wa kushoto na kuzikataa mbovu kwa kutikisa kichwa. Shemeji, asubuhi hizo, hulala.