Mpaka Uombe Nipunguze

Shemeji yangu Eudo Villasmil anajua kazi moja tu: kufufua feni za viyoyozi vya magari. Injini hagusi. Ukimwuliza habari za breki atakuelekeza kwa jirani. Lakini gari ambalo kiyoyozi chake kimeacha kupuliza, hata kama mafundi wengine wameshalikatia tamaa, likifika uani kwake, mtaa wa Pomona, yeye hujilaza chini ya dashibodi, hugonga mota ya feni kwa mpini wa bisibisi, husikiliza, kisha hutaja ugonjwa. Hapa Maracaibo, mji wa ziwani unaochemka kwa joto, mtu wa namna hiyo huheshimiwa kama daktari, na kwa maoni yangu heshima hiyo imemvimbisha kichwa.

Ana sharti lake. Akimaliza kazi anakuingiza ndani ya gari, anafunga vioo vyote, anawasha kiyoyozi mpaka mwisho, naye anaketi pembeni yako. Hutoki mpaka uombe apunguze. Bila neno hilo, kwake kazi haijaisha. Tatizo ni kwamba watu wa mji huu hatuombi. Baridi ndiyo fahari yetu. Mgeni asipotetemeka sebuleni kwetu tunaona tumeaibika. Nimeona wanaume wazima wamekaa mle ndani midomo imebadilika rangi, wakidai wanasikia vuguvugu. Mwishowe Eudo huwatoa mwenyewe kwa kuwa wengine wanasubiri, ila hubaki na kinyongo kidogo.

Kitu kingine asichokivumilia ni mtu anayefungua kioo kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Huyo humwita mwizi wa baridi, tena mbele za watu.

Na gari lake mwenyewe je? Lile la kijani lililopauka, ambalo alimchukulia dada yangu Nerva siku ya harusi, lilikuwa halina feni kabisa. Mteja mmoja mwenye shida alipewa mota, mwingine akapewa kile kidude cha kuongeza na kupunguza kasi, na mwingine akaondoka na wavu mdogo unaokaa chini ya kioo cha mbele kuzuia takataka zisiingie kwenye njia ya hewa. Nerva akienda sokoni alikuwa anapanda na taulo lililoloweshwa shingoni. Aliwaambia wateja kwamba ameolewa na fundi wa baridi naye anaiva taratibu, na wao walicheka, na Eudo alijifanya hasikii.

Binti yao wa pekee ni Yoleida. Aliondoka miaka ile ambayo kila wiki tulikuwa tunasindikiza mtu, umeme ukikatika mchana kutwa na watu wakilala ndani ya magari ili wapate hewa. Asubuhi ya safari yake joto lilikuwa la kuua, na gari la baba yake halipulizi kitu. Kituoni, akijifuta jasho na machozi kwa kitambaa kimoja, alisema, "Baba, kwenye tanuri hili mimi sirudi." Yalikuwa maneno ya hasira ya kuaga, sote tunayajua. Ningekuwa mimi ningeyaacha palepale kituoni. Eudo aliyachukua akarudi nayo nyumbani.

Yoleida alifika Chile, akateremka kusini mpaka nchi ikamwishia, akapata kazi kwenye kiwanda cha samaki katika mji ambao theluji inaangukia baharini. Akazaa huko binti, Florencia. Kila mara Nerva alipouliza kwenye simu watakuja lini, Eudo aliinuka akaenda uani kutafuta spana ambayo haikupotea.

Halafu Desemba hii Yoleida akasema anakuja kwa sikukuu, yeye na mtoto. Akaongeza kwamba anaogopa kitu kimoja tu, joto, maana Florencia hajawahi kulionja. Mtoto akilivumilia, watakuwa wanakuja kila mwaka. Akishindwa, basi. Nerva alinisimulia hayo akilia kwa furaha huku akikanda unga wa mandoka, zile pete za kukaanga za ndizi mbivu na jibini, kana kwamba ndege ilikuwa inatua jioni ileile. Kesho yake Eudo alianza kufukuza wateja.

Wiki nzima hakupokea gari la mtu. Alitafuta kidude cha kasi na mota, akaisafisha na kuipaka mafuta, akasugua njia ya hewa kwa mswaki. Ijumaa alituingiza mimi na Nerva ndani, akafunga vioo, akawasha mpaka mwisho. Dada yangu alijifunika mtandio mpaka puani. Mimi nilimwambia nasikia vuguvugu.

"Meno yako yanagongana, shemeji," alisema, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ile simu. "Haya, kaza roho. Kesho yuko atakayeomba."

Jumamosi aliosha gari, kisha, tulipokuwa tukivaa, akaliegesha chini ya mwarobaini wa getini ili viti visije vikamchoma mtoto. Naomba ieleweke ni nani huyu aliyefanya hivyo. Mji mzima tunazunguka na magari kutafuta kivuli cha mwarobaini, na mji mzima Eudo ametutukana kwa sababu hiyo, kwa kuwa majani yale madogo makavu huteleza chini ya kioo cha mbele yakaingia kwenye feni. Gari lake ndilo lisilokuwa na wavu. Na yeye alikuwa na mjukuu tu kichwani.

Tulipokunja kuingia barabara ya uwanja wa ndege, feni ilianza kukwaruza. Ikaguna, ikakohoa, ikanyamaza. Jani moja kavu likatoka kwenye tundu la hewa likamtulia Eudo gotini. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, lakini nilipoiona sura yake nikaumeza.

Alisimamisha gari kwenye maegesho akatoa boksi la vifaa. Nerva alimkumbusha kwamba ndege imeshatua.

"Nendeni. Mimi nabaki na hii."

"Mwanao anashuka, Eudo."

"Hawezi kupanda gari likiwa hivi. Alilolisema siku ile nilisikia mimi."

Dada yangu ana mdomo, muulizeni yeyote Pomona. Siku hiyo alimgusa bega tu, akaondoka. Mimi nilibaki kumshikia skrubu.

Basi Eudo akajilaza, kichwa chini ya dashibodi na miguu nje ya mlango, shati jeupe la kumpokelea binti likifuta sakafu. Alishusha feni, akaanza kunyofoa majani moja moja kwa vidole. Fyuzi nayo ilikuwa imeungua, akachomoa ya redio akaiweka pale. Nilikuwa nimeinamia skrubu zangu niliposikia magurudumu ya sanduku. Yoleida alikuwa anakuja, amenenepa kidogo, amekata nywele, amembeba mtoto aliyevaa koti zito kama wa safari ya mlimani, na Nerva akivuta sanduku nyuma yao. Nilifungua mdomo. Akaweka kidole midomoni kuniashiria ninyamaze.

Alisimama akiangalia soli za viatu vya baba yake. Moja ilikuwa imetoboka.

"Shemeji, lete bisibisi ndogo," Eudo alisema kutoka kule chini.

Yoleida alimshusha mtoto, akachukua bisibisi mkononi mwangu, akainama, akamwekea kiganjani. Eudo aliishika, na mkono uliomletea akaushika pia. Hakuuachia.

"Huu si mkono wa shemeji," alisema.

"Baba, toka."

"Bado haijapuliza, mwanangu."

"Toka nikuone."

"Kidogo tu. Ili upande gari likiwa na baridi."

Niligeuka upande nikalia, na sioni sababu ya kuficha.

Hakutoka. Ndivyo alivyo, hata Mungu akimwita atamwomba amalizie skrubu ya mwisho. Alikaza, akawasha, na feni ikatema mabaki yote ya mwarobaini kwa mkupuo, yakamwangukia Florencia kwenye nywele na koti. Mtoto alishangaa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo Eudo alipojitokeza, mweusi wa masizi mpaka masikioni, na binti yake akamkumbatia na masizi yake yote.

Njiani Florencia, aliyepakatwa na bibi yake kiti cha mbele, alivua koti akaweka uso wake mbele ya tundu la hewa. Alitangaza kwamba hapa ni kama nyumbani, na kwamba anataka kukaa humuhumu. Eudo alinyooka kitini. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kati, yakimtazama Yoleida aliyeketi nyuma pamoja nami. Nilijua anasubiri nini.

"Baba," Yoleida akasema, "naomba upunguze."

Neno lenyewe hilo. Nilimwona Eudo akianza kutabasamu. Kisha tukasikia kioo cha nyuma kikishuka. Joto liliingia na moshi wa malori na harufu ya ziwa na ya vitu vikikaangwa kando ya barabara, na Yoleida alikuwa ametoa kichwa nje, amefumba macho.

"Au usipunguze, mtoto anapenda," alisema. "Mimi niacheni na joto langu. Kule naliota."

Nerva alijishika mdomo. Sote tulingoja lile tusi la mwizi.

"Ulisema hurudi kwenye tanuri hili," Eudo alisema polepole.

Yoleida aliingiza kichwa ndani. "Mimi? Nilisema hivyo lini?"

"Kituoni. Siku ya kuondoka."

Alifikiri, na niliona anafikiri kweli. "Sikumbuki, baba."

Miaka yote hiyo Eudo alikuwa amelibeba peke yake neno lile, na aliyelisema alikuwa hana habari nalo. Kisha alikamata mpini wa kioo cha upande wake, akakishusha mpaka chini. Kiyoyozi hakukigusa, kiliendelea kumpuliza mtoto kwa nguvu zake zote.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Pomona, vioo wazi na baridi ikimwagika barabarani bure. Kwenye kona alikuwa amesimama Heberto, muuza matunda, ambaye mwaka jana alitukanwa mbele ya wateja wake kwa kosa hilohilo.

"Mwizi wewe, Eudo," aliita.

Eudo alipiga honi, akapita.