Rahima na mlima unaokunywa mvua

Saa mbili asubuhi, Changamwe, Mombasa. Malori ya bandarini yananguruma barabarani, lakini Rahima Mwinyihaji ni kama hayasikii. Amesimama katika maabara ndogo, ameinua chupa mbili za maji kuelekea dirishani. Moja ni angavu. Nyingine ni nyekundu kama tofali.

"Mvua ni ileile, mlima ni uleule," anasema. "Huku juu kuna msitu, huku kumelimwa. Basi."

Rahima, mkazi wa Likoni mwenye umri wa miaka 36, ni fundi wa maabara katika mradi unaochunguza jinsi matumizi ya ardhi yanavyoathiri udongo na maji katika milima ya Taita. Kila mwezi hupanda huko kuchota maji ya vijito na kupima udongo.

Alipopata kazi hii, mamake alicheka. "Mtanga huu tunaoukanyaga nao ni wa kusomewa, mwanangu?"

Mwaka wa kwanza, mvua kubwa ilimkuta msituni.

"Nilingoja mafuriko," anakumbuka. "Wallahi, chini hapakutiririka kitu. Ardhi iliyanywa maji yote, kimya kimya. Nililoa chapachapa, nikasahau hata kujikinga."

Alipotoka mitini akakuta mambo mengine. Katika shamba la Rosalia Wakesho, mjane anayelima mahindi mteremkoni, maji mekundu yaliporomoka na samadi na miche. Rosalia alikuwa amepiga magoti topeni, akiuzuia udongo kwa mikono.

"Dada, wewe kazi yako kupima tu?" alimuuliza. "Shamba likiisha utapima nini?"

Rahima alishuka na swali hilo hadi Likoni, likamkosesha raha.

Safari iliyofuata alipanda na mtaalamu wa udongo wa mradi. Wakashirikiana na Rosalia kuchimba makingamaji, mitaro ya kukata mteremko, wakapanda matete kingoni. Sehemu ya juu, iliyo kali zaidi, Rosalia akakubali kuiacha irudie miti. Karibu robo ya shamba ikaenda hivyo. Majirani walimcheka, na msimu ule alivuna magunia matatu tu.

"Nilijuta," Rosalia anasema kwa simu. "Nilimlaani huyu dada wa Mombasa."

Januari mwaka huu, wa nne tangu waanze, katikati ya kiangazi, Rosalia alimpigia Rahima. "Njoo," alisema tu.

Chini ya shamba kuna korongo lililokauka tangu Rosalia akiwa bibi harusi. Siku Rahima alipofika, ukoka ulikuwa umechipua humo, na katikati ya mawe maji yalikuwa yakitoka, membamba, maangavu, bila kukoma.

Alivua viatu, akaingia.

"Nilishayaona kwenye takwimu," anasema. "Lakini kuyagusa! Baridi ile! Nilisema Subhanallah. Ile ni mvua ya miezi mingi nyuma. Mlima uliiweka."

Mkataba wake unakwisha Desemba, naye ameomba uongezwe. Jumatatu anapanda tena, safari hii kwa Absalom, jirani wa Rosalia ng'ambo ya bonde.

"Ana chemchemi ya babu yake iliyokufa," Rahima anasema, akifunga sanduku la vifaa. "Aliniuliza kama itarudi. Sikumwahidi. Nilimwambia tuchimbe, tupande, kisha tungoje pamoja."