Siku Bidon Hazikuwa kwenye Mulongo

Mimi ndiye nilishika ufunguo wa robine, bomba la maji la kartie yetu, mutaa huu wa Lumumba, na sitaki mutu aniambie nilikuwa mwizi. Wakati wa vita serikali iliacha bomba likauke. Mufanyabiashara mumoja akalitengeneza, akalitia kufuli, akawa anatuuzia maji. Mimi alinipa kazi ya kufungua asubuhi na kufunga jioni. Watoto wangu walikula kwa ufunguo ule.

Kisha amani ikaja, amani ile ya kulala na viatu karibu. Komini, serikali ya hapa mujini, ikasema robine inarudi mikononi mwa raia, na Jumamosi asubuhi kartie itachagua palepale mutu wa kushika ufunguo. Wiki nzima roho yangu ilikaa juu juu. Wengine walikuwa wameacha kunisalimia, eti mimi ni mutu wa patron, yule mufanyabiashara. Nikajiambia nitawahi, nitafagia pale, waone kama ninajua kazi.

Kwetu si mutu anayesimama kwenye mulongo, foleni ya maji, ni bidon yake, dumu lake la kuchotea. Unaiacha jioni na kitambaa chako kimefungwa kwenye mukono wake, na hakuna anayeigusa. Mvua inanyesha, bidon ziko pale. Mara moja tu nilikuta haziko: asubuhi ile ya vita, watu walipokimbia, kila nyumba na bidon yake, maana njiani kiu inaua.

Basi Jumamosi nikafika na ufagio. Hapakuwa hata bidon moja.

Sikuuliza mutu. Nikatupa ufagio. Nikakimbia nyumbani, mutoto mudogo mugongoni, furushi kichwani, wakubwa mbele yangu, tukashika njia ya Aveba kwa dada yangu. Ufunguo ulikuwa shingoni.

Tulikuwa tumetembea karibu saa nzima tulipokutana na mama mumoja akileta mihogo sokoni, anaenda polepole tu. Nikamuuliza vita iko wapi.

"Vita gani tena, mama? Weye unakimbia nini?"

Hapo nikajua nimejimaliza mwenyewe.

Nikarudi. Kartie nzima ilikuwa imesimama mbele ya kufuli, kila mutu na bidon mukononi. Kumbe jana yake usiku, nilipokwisha kufunga, shefu wa kartie alikuwa ameomba kila mutu aondoe bidon yake, ili mulongo uanze upya bila wale patron aliowapendelea kuwa mbele. Hakuna aliyeona lazima ya kuniambia.

"Si niliwaambia?" baba mumoja akasema. "Alitoroka na ufunguo wetu."

Shefu alitazama furushi, akatazama mutoto mugongoni. "Mama, uliona nini?"

"Niliona bidon haziko, baba shefu." Nikamugeukia yule baba kwa hasira. "Na weye ungekuta haziko, ungefanya nini?"

Aliweka bidon yake chini.

Shefu akauliza nani kati yetu anaweza kukuta pale patupu asikimbie, ili apewe ufunguo. Alingoja. Hakuna mukono uliopanda.

Ufunguo ukabaki kwangu. Lakini siku ile tulipatana jambo, na mpaka leo tunalifuata: kila nyumba inaacha bidon moja kwenye mulongo, hata siku maji hayatoki.