Nyasi Zilizonishika Ukweni

Chekeni sasa hivi mmalize, maana mimi ndiye yule mwanamume aliyesimama ukweni, hapa hapa Kisangani, na kitambaa cha kochi kikimning'inia matakoni, na sioni faida ya kuficha jambo ambalo mtaa mzima unalijua.

Mimi ni mtu wa majani. Nafanya kazi kwenye utafiti kule Yangambi, na kwa nyasi za msituni, tusidanganyane, ni wachache wanaonifikia. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kujitambulisha kwa kina Béa, mchumba wangu; kwao ni wavuvi wa kwenye maporomoko, nami nimevaa suti ya mahameli rangi ya divai (nilipendeza, hilo halina ubishi). Bon, njiani nikasimamisha pikipiki nijisaidie, mara nikaona kivulini nyasi nilizozitafuta msimu mzima: majani mapana yaliyogeuza tumbo juu, mbegu zimevimba kama konokono wadogo, kila moja na vindoano vyake. Mwenye akili angevua koti. Mimi nikasema dakika moja tu, nikaingia mzima mzima, nikachuma, nikajikung'uta mbele, nikajiona safi, nikaondoka (nyuma sikujiangalia, kwani nani hujiangalia nyuma?).

Nilifika nimechelewa. Tonton, mjomba wangu, ambaye ndiye aliyepaswa kuniposea, alinipokea mlangoni amenuna.

"Ingia, ikala, nyamaza. Leo kinywa iko yangu."

Ndiyo desturi: mposaji hasemi, husemewa. Nikaketi kwenye kochi lililotandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na Papa, baba yake Béa, alipoingia, nikainuka kwa heshima zangu zote. Kitambaa nacho kikainuka. Nikageuka kukitazama, kikageuka nami. Tantine mmoja, shangazi yake Béa, akaja kunibandua, akainama, wigi lake likanasa mgongoni kwangu likabaki huko huko, yeye akabaki na matuta yake ya nywele mbele ya wageni.

"Eh!" Papa akasema. "Bokilo, mukwe wetu, hajaleta mali, anaanza kubeba vitu ya nyumba!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na hapo bado ningeokoka kama ningenyamaza tu. Lakini mimi na ujuzi wangu! Nikafungua kinywa.

"Papa, hapana miye, iko nyasi. Iko ndugu ya mahindi na mupunga, lakini ukoo yake ilijitenga zamani sana, mbele ya bengine bote, ikabaki peke yake kwa pori."

Nilieleza vizuri, na mikono niliitumia. Kicheko kikakatika. Papa akamgeukia Tonton.

"Umesikia? Mutoto wenu anakuya kuomba muke, anatusifia mwenye aliacha ndugu zake. Na anasema mbele ya mukubwa wake! Murudi. Mutakuya siku ingine."

Tonton alichukua kofia yake bila kuniangalia. Mimi nilikuwa bado najipanga kueleza zaidi, nikijua kabisa kwamba Béa atanitetea, maana yeye huyacheka mambo yangu yote. Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akinibandua mbegu mgongoni moja moja.

"Mama alifuma ile kitambaa juu ya kukupokea weye," akasema mwishowe. "Juu ya leo. Na weye ulisimama kwa pori."

Niliona haya kuliko nilipokuwa na wigi mgongoni. Hiyo suti, huo ujuzi, vyote vikawa bure.

Tulirudi, naam, na tulikubaliwa (nilijua tu tutakubaliwa, mimi si wa kushindwa mara mbili), Tonton akasema maneno yote hadi jasho likamtoka, nami nikafunga kinywa mpaka taya zikaniuma. Lakini nimeapa, na Béa ni shahidi: nikiwa nakwenda mahali ninapongojwa, msitu mzima na uchanue, mimi napita. Majani nitayafuata Jumatatu, kwa nguo za kazi.