Kikohozi Katikati ya Protini

Miaka ile ya ruksa kila kitu kiliruhusiwa Tukuyu, isipokuwa mimi kuonana na baba mkwe wangu. Mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, redio zililia katika kila kibanda cha Msasani ya kwetu, na mtu aliyekuwa akiuza sukari kwa kunong'ona sasa aliipanga mbele ya duka na kuipigia debe. Lakini kule Kinyala nilikoolewa, mambo ya ukwe yalibaki palepale. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Wakikaribiana njiani, mwanamke anaingia migombani, anajitanda kanga usoni na kugeukia upande wa pili mpaka mzee apite. Hawakai chini ya paa moja. Jina la mzee halitamkwi, na hata leo nikitaka kuliandika mkono unagoma, kwa hiyo msilitegemee humu.

Mila hiyo sikuikuta ukweni. Nilizaliwa Matwebe, na mama yangu aliishi maisha yake yote akiwakwepa wakwe bila kulalamika. Mimi nililalamika. Nilikuwa na stashahada ya ualimu wa biolojia na mdomo usiotulia, na niliona ni dhuluma mtu mwenye elimu yake kuruka ndani ya migomba yenye umande kila asubuhi kwa sababu ya kikohozi.

Maana mzee alijitangaza kwa kukohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, cha mtu mwenye ng'ombe. Akitoka shambani alikohoa tangu kule mtoni, nami nikapata muda wa kujificha. Akiwa na jambo la kuniambia alilipitisha kwa mama mkwe, hata kama mimi niko nyuma ya ukuta wa mianzi wa jiko na nasikia kila neno. Mama mkwe alilirudia neno kwa neno, nami nikamjibu, naye akampelekea mumewe jibu ambalo lilikwisha kumfika. Na mama mkwe akiwa hayupo, mzee alizungumza na kuku.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti ya kikao, "mwambie huyo aliye jikoni kwamba maji yangu ya kuoga yamepoa."

"Kuku," nami nilijibu, "mwambie mzee nayapasha."

Kuku mwenyewe alikuwa mwekundu, mnene, asiyejali. Alibeba ujumbe mwingi wa nyumba ile kuliko mtu yeyote.

Basi mume wangu akapunguzwa kazini. Alikuwa karani katika kampuni ya umma huko Mbeya, na neno hilo la kupunguzwa lilikuwa jipya kwetu. Tulizoea kupunguza majani ya migomba. Alirudi na godoro na kabati la vyombo, akakaa barazani akitazama mvua. Ndizi, maziwa na maharage tulikuwa navyo, njaa haikutugusa, lakini mtoto wetu alikuwa anakaribia shule na mume wangu alikuwa anakaribia kuugua kwa fikra. Ilibidi mmoja wetu apate kazi, na aliyekuwa na cheti kinachotafutwa ni mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa karibu kiasi cha kuona bati zake. Wazazi wa kata walikuwa wamejenga sekondari yao wenyewe, kama watu wengi walivyofanya miaka hiyo serikali ilipoanza kusema kila mtu ajitegemee. Walitaka mwalimu wa biolojia. Mkuu wa shule, mtu wa Tanga aliyekuja kwetu akiwa na adabu nyingi na koti jembamba mno kwa baridi yetu, alinipokea vizuri. Akaniambia kwamba kila mwombaji atafundisha somo moja mbele ya bodi, ndipo bodi iamue. Mada imekwisha kupangwa: umbo la protini na kazi zake.

"Na mwenyekiti wa bodi ni nani?" nikauliza, ingawa nilijua. Kiwanja cha shule kilitoka katika shamba la nani, kama si la baba mkwe wangu?

Nilipomweleza mkuu shida yangu alifikiri sana. "Basi, mama, tutamwomba mzee asihudhurie."

Ujumbe ukaenda. Jibu likaja jioni ileile, kupitia kwa kuku, kwa sababu mama mkwe alikuwa kwenye kwaya. "Kuku, mwambie aliye jikoni kwamba bila mwenyekiti hakuna kikao, na bila kikao hakuna kazi. Mimi nitakuja."

"Kuku, mwulize mzee atakaa wapi."

"Kuku, mwambie hilo nitalijua mimi."

Nilikasirika nikashindwa kula. Niliona wazi kwamba mzee hataki niajiriwe: mwanawe akae barazani na mkewe atoke na chaki, watu wangesema nini? Mama mkwe alinisihi nilale. Alinipa na yai la kuku yuleyule, nilipike mbele ya wanafunzi, nionyeshe jinsi ute unavyogeuka mweupe ukipata moto na usirudi tena. Yai ni protini. Hilo nililipenda.

Siku ilipofika nilivaa koti la mitumba lenye mabega makubwa, nikajiona mtu wa wizarani. Juma lililotangulia alikuwa amefundisha kijana mmoja wa Mbeya, kwa Kiingereza kitupu, na bodi, ambayo haikuambulia kitu, ilimpigia makofi. Nami nikaambiwa kwamba nifundishe kwa Kiswahili ili wazee wafuatilie. Niliingia darasani nikitazama sakafu. Wajumbe walikuwa wamekaa nyuma. Kiti cha mwenyekiti hakikuwepo. Kisha nikasikia kikohozi nje, na mkuu akaninong'oneza kwamba mzee ameamua kukaa mwisho wa baraza, ameupa mgongo ukuta, chini ya dirisha. Atasikiliza tu. Paa la baraza si paa la darasa, ndivyo alivyoamua.

Nikaanza. Nikasema protini ni mnyororo, na kila pingili ya mnyororo inaitwa asidi amino. Nikasema zipo pingili zinazopenda maji na zipo zinazoyakimbia, na kwa sababu mwili umejaa maji, mnyororo haukai umenyooka. Unajikunja, zinazoyakimbia maji zinajificha ndani na zinazoyapenda zinabaki nje. Umbo hilo ndilo linaloupa kazi yake. Nilikuwa nimefika hapo, nina hakika nilikuwa nafundisha vizuri, mvua ya Tukuyu ikashuka.

Mtu ambaye hajakaa chini ya bati bila dari mwezi wa nne hawezi kujua. Nilifungua mdomo, sikujisikia mwenyewe. Jiko la mafuta ya taa likazimwa na upepo wa dirishani, yai likabaki bichi, nikalirudisha mfukoni. Mjumbe mmoja akaweka mkono sikioni. Mkuu akanionyesha kwa mikono niendelee. Nikamfikiria mume wangu kule barazani anatazama mvua hiihii, na hasira ikanipanda. Mimi nikikasirika nafanya jambo kwanza, halafu ndiyo nafikiri.

"Tokeni nje wote!" nikapiga kelele.

Darasa zima likatoka uwanjani, wajumbe wakasongamana mlangoni. Nikawapanga wanafunzi mstari mmoja, wameshikana mikono. Nikawaambia: ninyi ni protini. Atakayeachia mkono wa mwenzake amekata mnyororo, nami nitamchapa. Wenye makoti ya mvua na mifuko ya nailoni kichwani, ninyi mnapenda maji. Msio na kitu, ninyi mnayakimbia. Sasa kila mtu aende anakotaka.

Sijawahi kuona asidi amino zikitii namna ile. Wasio na makoti walikimbilia barazani, wakiwavuta wenye makoti, mnyororo ukajipinda, ukapita chini ya mikono yake wenyewe, ukajisokota. Upande wa mlango bati lilikuwa linavuja, kwa hiyo wote wakaelekea mwisho wa baraza palipo pakavu. Wakajibana pale wakawa donge: wakavu ndani, makoti yakiwazunguka nje yakitiririka maji. Ilikuwa protini safi kabisa. Nilijawa na furaha, nikasogea mpaka karibu nao chini ya bati, nikanyoosha mkono kuwaonyesha wajumbe.

Hapo ndipo protini ilipokohoa.

Kikohozi kile nilikijua kuliko sauti ya mume wangu. Niligeuka nikatazama mlimani, na kwa kuwa kanga niliiacha darasani, nikavuta koti la mabega makubwa likanifunika kichwa. Wajumbe waliokuwa mlangoni walichokiona ni hiki: mwalimu hana kichwa, na mwenyekiti hayupo.

"Mwalimu," akasema mwanafunzi mmoja kutoka ndani, "huku katikati kuna mzee."

"Najua."

"Anauliza, yeye ni nani katika protini hii?"

Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Ningeweza kukimbia, na miguu ilitaka. Lakini swali la mwanafunzi halikimbiwi, hata likitoka kwa mkwe. "Mwambieni yeye ni chuma," nikasema ndani ya koti. "Ndani ya damu ipo protini iliyojikunja hivyohivyo, na katikati yake imeficha chembe ya chuma. Chembe hiyo ndiyo inayoshika hewa tunayovuta na kuipeleka mwilini. Ikiachwa wazi kwenye maji inaharibika, haishiki tena kitu. Kwa hiyo inafichwa."

Walimwambia, ingawa alisikia. Kikohozi kidogo kikafuata, cha mtu aliyeridhika na cheo.

"Anauliza, wakiachia mikono?"

"Mnyororo umekatika. Hiyo ni kazi ya tumbo likipata maharage."

"Anauliza, wasipoachia mikono, lakini wakafumuka?"

"Hilo ni yai likipikwa. Mnyororo upo, umbo limepotea, na kazi imepotea."

"Mzee anasema basi tusifumuke, mvua bado ipo."

Nami nikawasihi vilevile. Niliwaambia washikilie hapohapo mpaka nifike chumba cha walimu, nikaenda nikipapasa ukuta, koti kichwani, maji yakiingia kwenye viatu. Nyuma yangu nilisikia bodi ikicheka, na sikujua inacheka kwa wema au kwa ubaya.

Chumba cha walimu kilitengwa na chumba cha kikao kwa mbao, na mbao zile hazikukutana vizuri. Nilikaa nikikamua koti, nikasikia kila kitu. Mkuu alinisifu kwa Kiswahili chake kitamu. Kisha akasimama mjumbe mmoja, mzee wa kanisa, mtu wa haki na mgumu. Akasema yeye hana neno na biolojia. Lakini mkamwana amesogea chini ya bati moja na baba mkwe wake, mchana kweupe, mbele ya watoto. Mwalimu asiye na heshima atawafundisha watoto nini? Wengine wakaguna, mguno wa kukubali. Nikaliona godoro la mume wangu, kabati lake la vyombo, na mvua atakayoitazama mwaka mzima. Nikalia, nasema kweli, na nilikuwa nalia kwa hasira pia, maana sikuona wapi nimekosa.

Halafu mwenyekiti akakohoa.

"Bwana mjumbe," akasema, "mkamwana wangu hakuniona, wala mimi sikumwona. Angenionaje? Nilikuwa ndani ya protini."

Hakuna aliyecheka. Alilisema kama mtu anayetaja mpaka wa shamba lake.

"Juzi yule kijana nilimwona tangu viatu mpaka nywele," akaendelea, "na sikuelewa hata neno moja. Huyu sikumwona kabisa, na nikifika nyumbani naweza kumweleza mke wangu. Anayepinga anyooshe mkono."

Sikusikia tena kitu, ila viti vikisogezwa.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya migombani ili nisimkute barabarani. Mama mkwe alikuwa bado hajarudi kutoka kisimani. Nikaingia jikoni, nikakoka moto, nikalitoa lile yai mfukoni, zima, na kulirudisha kikapuni. Nguo zilikuwa zinanivukia mwilini nilipomsikia mzee anakohoa kule mtoni, kisha karibu na zizi, kisha uani. Hakupita. Alisimama.

"Wewe kuku," akasema. Kuku hakuwepo, alikuwa amejificha mvua nyuma ya ghala. Mzee alijua, nami nilijua. "Wewe kuku, mwambie mwalimu kesho asichelewe kazini."

Tangu niolewe nilikuwa aliye jikoni.

"Kuku," nikasema, "mwambie mwenyekiti asante sana, ndaga fijo. Na maji yake ya kuoga yapo tayari."