Firigisi ya Mkwe

Rhobi wa Busawe hakuwa mwongo. Hilo lisemwe mapema, maana wapo watakaonong'ona. Alikuwa mtu wa kujua tu. Ukimuuliza kama basi la Mugumu limeshapita, alijua. Ng'ombe wa jirani atazaa dume au jike, alijua, na usipomuuliza alikufuata mwenyewe kukwambia. Mwaka mmoja alimhakikishia jirani yake Waitara kwamba mvua haitanyesha mpaka mwezi uandame. Waitara akaanika mtama wake wote uani, akaenda zake kutembelea ndugu. Aliporudi, mtama ulikuwa umeanza kuota. Hata hivyo msimu uliofuata alikwenda kumuuliza tena, kwa sababu Rhobi alikuwa na namna yake ya kutamka "najua", ukaondoka kwake moyo umetulia tuli.

Aliletwa Busawe akiwa binti kutoka upande wa Tarime, akaolewa na Heche, mwanamume mpole, mwenye mikono mikubwa na wepesi wa kuamini. Nyumba kubwa ilikuwa ya Heche, na kila aliyepita njia aliingia na kutoka humo. Jiko lilikuwa la Rhobi. Alilikandia udongo kwa miguu yake akiwa na mimba ya Ghati, akalisiriba mwenyewe, na kila baada ya mavuno alilipaka samadi iliyochanganywa na majivu mpaka likapendeza. Ghati alizaliwa humo, siku ambayo mto ulifurika na zahanati ikawa haifikiki. Rhobi alilipenda jiko lile kuliko vitu vingi, na hakuona haya kusema hivyo.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowapagawisha watu. Vijana waliacha ng'ombe malishoni wakakimbilia mashimo ya Nyamongo. Waitara naye alikwenda, akarudi na kikohozi pamoja na ujuzi wa kutambua mawe. Boke, mdogo wake Rhobi, alikuwa hukohuko akiwauzia wachimbaji ugali, na kila alipokuja Busawe kusalimia hakukosa kuku wa zawadi kwapani.

Siku Mzee Okinyi alipokuja, hapakuwa na mtu aliyewaza dhahabu. Mwanawe Omondi alikuwa amemposa Ghati, na mzee alitoka kwao kuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Wazee wa Kikurya na mzee wa Kijaluo walivutana kidogo, wakataniana sana, wakaelewana. Rhobi akadaka kuku mwekundu katika kundi, Heche akamchinja, na miguu ya kuku Rhobi akamrushia mbwa.

Huko firigisi haina mjadala. Ni ya mwenye mji, na akija mgeni mkubwa, ni ya mgeni. Rhobi aliipasua, akaimenya, akaiosha, ila kwa haraka ya wageni kuna mkunjo mmoja haukufikiwa na kidole chake. Mzee Okinyi akauma, wote wakasikia jino likilia. Rhobi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumlisha mkwe firigisi yenye kokoto ni aibu ya kusimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Mzee akatema kiganjani. Kilikuwa kitu cha manjano, kama punje ya mtama.

Waitara akaitwa. Alikiweka juu ya jiwe la kunolea, akakigonga kwa nyundo. Kokoto ya kawaida ingesambaratika, lakini hii ililala ikawa bapa na kuzidi kung'aa. Akaigonga tena, ikalala zaidi. Alisema ni dhahabu, na hakuna aliyembishia, maana kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake.

Heche akamgeukia mkewe, akamuuliza kama kuku yule ni wa pale nyumbani. Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa.

"Kuku wangu nawajua," Rhobi akasema. "Huyu ametotolewa nyuma ya jiko langu, na hajavuka ua tangu azaliwe."

Basi hesabu ya Heche ikawa nyepesi. Kama kuku hajavuka ua, dhahabu iko anapochakura. Anachakura wapi? Nyuma ya jiko na ndani ya jiko, kwenye majivu. Ikaamuliwa kwamba asubuhi jiko libomolewe, shimo lianze, na Waitara awe msimamizi. Mzee Okinyi akaombwa alale ili ashuhudie. Rhobi mwenyewe alichekelea. Kichwani mwake alikuwa ameshaezeka bati, na jiko jipya limejengwa kwa matofali.

Asubuhi alitoka kuwamwagia kuku mahindi. Wakaja mbio, na wekundu hawakuwa wachache. Sasa, Rhobi alikuwa na desturi ya kukata ncha ya kidole kimoja cha kila kifaranga aliyezaliwa pale, ili asigombane na majirani. Kuku wa Boke walikuja wakiwa wakubwa, vidole vizima. Akatazama chini, akaona wekundu waliokatwa na wekundu wasiokatwa wakidonoa pamoja, na mkono wenye mahindi ukasimama hewani.

Yule wa jana alikuwa yupi? Alimdaka kwa haraka, akaitupa miguu bila kuitazama, maana mtu anayejua atazame nini? Akajaribu kuukumbuka ule mguu. Alipotaka uwe na kidole kizima, moyo ulimwonyesha kidole kizima. Alipotaka kilichokatwa, ulimwonyesha kilichokatwa. Mbwa alikuwa amelala mlangoni, hana habari.

Nyuma yake akasikia nyasi zikianguka. Waitara alikuwa ameshapanda juu ya jiko.

Uongo wa kuliokoa ulikuwa tayari ulimini. Angesema tu kwamba amekumbuka, kuku alikuwa wa Boke, dhahabu ni ya Nyamongo huko, watu watawanyike. Wangemwamini, kama walivyomwamini siku zote. Lakini hilo nalo hakulijua. Akaliona jiko lake, akamwona mumewe na jembe begani, na kwa mara ya kwanza akaliogopa neno lake mwenyewe.

"Baba Ghati, subiri," alisema. "Yule kuku sijui ametoka wapi."

Heche hakuelewa. "Hujui?"

"Sijui. Jana nilidhani tu. Anaweza kuwa wangu, anaweza kuwa wa Boke. Alama ilikuwa mguuni, na miguu nimempa mbwa kabla sijaitazama."

Waitara alishuka kutoka paani polepole, akamwangalia Rhobi kama mgonjwa. Alisema amekuwa jirani yake tangu ujana, na neno hilo hajawahi kulisikia kinywani mwake. Mzee Okinyi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akiwa ameshika shavu lililovimba, akakohoa kidogo.

"Mkwe, usione haya," akasema. "Mimi ninachojua ni jino langu tu. Mengine yote ya tangu jana ni kudhani."

Watu wakaangua kicheko, na Rhobi akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yakimtoka. Alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni. Heche peke yake hakucheka. Alilitazama jiko kwa muda, akalitazama jembe.

"Kama hata wewe hujui," akasema, "mimi nabomoa kwa ajili ya nini?"

Akaegemeza jembe ukutani, akaokota nyasi zilizoanguka, akapanda mwenyewe kuzirudisha. Rhobi akaingia jikoni, chini yake, akachochea moto ili awapikie uji. Moshi ulipopenya kwenye lile pengo, Heche akakohoa huko juu, akafuta macho, akaendelea kuezeka.