Kitufe cha Lori la Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikazunguka jengo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ofisi ilikuwa Thika, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi nzima ilinuka dawa ya kupe. Nilikuwa nimetembeza vyeti kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda kuwaambia watu wa kanisani, kwa hiyo nilipopewa kiti nilikikalia ukingoni, kana kwamba mwenyewe angerudi kukidai.

Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mnaniuliza tuliifanyaje, na mnaniita mzee. Sijafika miaka thelathini. Lakini katika kazi ya programu za simu, miaka michache ni maisha mazima, na uchovu nilio nao ni wa mtu aliyestaafu kweli. Basi acha nieleze.

Kampuni yetu ilitengeneza programu ya kuwaambia wapangaji wa Ruiru maji ya mfereji yatafika lini kwenye ploti zao, yaani majengo ya kupangisha wanamoishi. Mimi niliandika maelezo ya toleo, yaani yale maneno machache yanayotokea kwenye simu yakieleza kipi ni kipya. Hasa niliandikia toleo la awali. Hilo ni programu ikiwa bado jikoni: wateja wachache waliokubali wanaonjeshwa, wanasema chumvi imezidi wapi, kisha ndipo wengine wanapakuliwa. Sasa mtu aliyeitwa jikoni hatosheki na kijiko alichopewa. Anataka kujua ni nini kile kingine kilichofunikwa. Kumjibu bila kumdanganya na bila kumkatisha tamaa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Mhandisi Mkuu, mtu mpole ambaye sikuwahi kumwona akimaliza chai ikiwa bado moto, alinifundisha asubuhi ileile.

"Wanja, kuna rafu tatu. Ya kwanza, kitu kinafanya kazi. Ya pili, tunakijenga. Ya tatu, kiko kwa kichwa ya Mkurugenzi. Usitoe kitu rafu ya tatu ukaiweka ya kwanza."

"Na Mkurugenzi akiniambia nitoe?"

"Atakuambia," alisema, akageukia kompyuta yake.

Hadi jioni nilikuwa na sentensi moja. Nilikuwa nimeiandika, nikaifuta, nikairudisha ilivyokuwa. Mkurugenzi alisimama nyuma yangu akaisoma.

"Hii si insha ya mtihani, Wanja. Hakuna mtu atasahihisha."

Alitaka kunituliza. Sikulala vizuri wiki nzima. Kama hakuna wa kusahihisha, basi nikikosea, kosa litamfikia mtu likiwa vilevile.

Baadaye nilihamishiwa Ruiru, kwenye chumba kidogo karibu na stesheni ya treni, nikawa mtu wa kuzungumza na waonjaji wetu. Wengi walikuwa wasimamizi wa ploti kule Mwihoko. Aliyetusaidia kuliko wote hakuwa msimamizi, alikuwa Mama Kelvin, mwenye deikea ya watoto ambao mama zao huondoka kwenda kazini kabla jua halijachomoza. Kwake maji yalikuwa nepi, uji na mikono ya watoto. Kila toleo jipya alilijaribu, kisha akanitumia sauti badala ya maandishi, huku watoto wakilia nyuma yake.

"Wewe mtoto wa kompyuta, hii rangi mmeweka siioni kwa jua. Na umekula? Sauti yako inakaa ya mtu hajakula."

Mara nyingi nilikuwa sijala.

Kisha Mkurugenzi akapata wazo la lori la maji: mfereji ukikauka, mpangaji aliite kwa programu. Msimdhanie ubaya. Aliwahi kujenga kitu kwa mwaka mzima, kikakosa wa kukitaka, akalazimika kuwaachisha kazi watu aliowapenda. Tangu hapo aliogopa kujenga kabla ya kujua. Kwa hiyo aliamua tufanye kile ambacho kwenye kazi yetu huitwa mlango wa kuchora. Unachora mlango ukutani, halafu unahesabu wanaojaribu kuusukuma. Sisi tungeweka kitufe cha "Omba lori la maji" kwenye toleo la awali, na nyuma yake kusingekuwa na lori, wala dereva, wala mtu wa kupokea ombi. Kungekuwa na hesabu tu ya waliobonyeza.

Niliandika maelezo yake, nikayapeleka Thika: "Huduma hii bado haipo. Ukibonyeza, unatuambia tu kwamba ungeitaka."

Mkurugenzi aliyakata. "Ukiwaambia haipo, nani atabonyeza? Na wasipobonyeza nitajuaje wanaitaka?"

"Lakini mtu akibonyeza, ataona nini?"

"Ataona tumemsikia. Andika, Asante, tumepokea ombi lako."

"Hiyo ni rafu ya tatu tunaiweka ya kwanza," Mhandisi Mkuu alisema bila kuinua macho.

"Ni siku chache tu, bwana. Tukishajua, tunaondoa."

Mhandisi Mkuu alipandisha bendera. Bendera ni swichi yetu ya ndani: kitu kinaweza kuwa tayari ndani ya simu ya mteja na asikione hadi bendera yake ipandishwe. Ilipopanda, waonjaji wetu wote walikiona kitufe, na aliyebonyeza aliona yale maneno ya asante, niliyoyaandika mimi.

Wiki hiyohiyo mfereji wa Mwihoko ulikauka.

Mama Kelvin alinipigia mchana. Hakutuma sauti, alipiga.

"Wanja, hilo lori limefika wapi?"

Aliendelea kabla sijafungua mdomo.

"Niliomba asubuhi, simu ikasema mmepokea. Mwenye mkokoteni akapita na mitungi ya maji nikamwambia, leo sitaki, naletewa ya lori, nijaze hadi ile tanki. Sasa ameuza yote. Niko na watoto hawajaoshwa tangu asubuhi, na mmoja anaharisha."

"Mama Kelvin, hakuna lori."

"Limeharibika?"

"Halipo. Halikuwepo."

Nilisikia akimwambia mtu mwingine asimkalishe mtoto pale. Kisha akarudi.

"Sasa kama halipo, nani alipokea?"

Nilikata simu, nikapanda pikipiki ya boda nikaenda kwake. Mlangoni nilikuta mama wawili wamekuja kuchukua watoto wao kabla ya wakati, mmoja akikunja nepi chafu kwenye mfuko wa plastiki, na alipomaliza alichukua pia blanketi na kikombe cha mtoto. Mtu hachukui kikombe kama anarudi kesho. Mama Kelvin aliliona hilo pamoja nami. Hakunigombeza. Aliniambia tu nisimame kando, nimeziba mwanga.

Nilirudi ofisini Ruiru, nikamkuta Mkurugenzi amekuja kutoka Thika akiwa na furaha. Waliobonyeza walikuwa wengi kuliko alivyotumaini. Jumatatu angekutana na wenye ploti, awaonyeshe hesabu ile, wamsaidie kununua lori la kweli.

"Unaona? Wanaitaka."

"Hawajasema wanaitaka. Wameiomba. Wanangoja mpaka sasa." Nilimweleza ya deikea. "Kesho mfereji bado utakuwa mkavu. Niwaambie leo wote."

Furaha ilimtoka usoni, na nilimhurumia. "Ukituma hiyo leo, wenye ploti watasikia tulidanganya watu. Hakutakuwa na mkutano. Hakutakuwa na lori kamwe, mfereji ukauke mara ngapi. Ngoja hadi Jumatatu, Wanja. Nakuomba."

Alikuwa na hoja. Niliipima nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta, kama ninavyopima kila kitu, huku na huku, na kila nilipoipima niliona mtu mwingine akimrudisha mwenye mkokoteni kesho asubuhi. Niliandika maneno ya kuomba radhi, nikayafuta, hayakumjazia mtu mtungi. Yaliyobaki yalikuwa haya: "Kitufe cha lori la maji hakileti maji. Ulipobonyeza, hakuna mtu aliyepokea ombi. Tafadhali tafuta maji kwingine leo." Nikatuma kwa wote. Kisha nikampigia Mhandisi Mkuu ashushe bendera.

"Nimeshaishusha," alisema. "Nilikuwa nangoja uandike."

Mkutano wa Jumatatu haukufanyika. Mkurugenzi hakunifukuza. Alinirudisha Thika, kwenye kurasa za usaidizi ambazo hakuna anayezisoma, na mkataba ulipoisha hakuna aliyetaja mwingine. Sasa niko mtaa wa Kamenu, Thika, nyumbani kwa wazazi, na mama huniuliza kila Jumapili kama kuna kazi nimeona. Sijui kama nilifanya vyema. Huenda lori lingekuwa limenunuliwa. Huenda leo Mwihoko ingekuwa inakunywa maji yake. Nimelifikiria hilo hadi limechakaa, na nikilala naanza upya.

Nilikuwa nimeenda kumuaga Mama Kelvin kabla sijaondoka Ruiru. Wale mama wawili hawakuwa wamerudi. Mfereji ulikuwa umekauka tena. Alinipa uji, akanitazama nikiunywa wote, ndipo akauliza.

"Hiyo kitu ya lori. Mtaileta kweli, siku moja?"

Nilijua majibu yote ya kazi yangu: tunaifanyia kazi, tunatarajia, kaa nasi. Yote yalikuja, yakapanga foleni.

"Sijui," nikasema.

"Haya," alisema. Akatoka mlangoni akamwita mwenye mkokoteni aliyekuwa upande wa pili wa barabara, nami nikaweka kikombe chini nikaenda kumshikia mlango usijigonge, kwa sababu mitungi ilikuwa mizito na watoto walikuwa wamelala.